Amepata Choo?

Katika wodi ya wazazi kuna swali linaloulizwa harakaharaka, muuguzi akiwa ameshageukia kitanda cha pili: “Mama, mtoto amepata choo?” Na mama, ambaye hajapata usingizi tangu uchungu ulipomwanza juzi, hujibu lile analodhani linatakiwa: “Ndiyo, sista.” Pengine kweli kapata. Pengine aliona unyevu kwenye kanga akahesabu kuwa ndicho chenyewe. Pengine aliyembadilisha mtoto ni bibi yake, na bibi katoka kufuata uji. Alama ya vema inapigwa kwenye fomu, mchana unafika, mama anaruhusiwa, bajaji inaitwa.

Makala haya yanawahusu watoto ambao jibu lao sahihi lilikuwa “bado”.

Si wengi. Mtoto mmoja katika kila 5,000 hivi huzaliwa njia ya haja kubwa ikiwa haipo, au imetokea mahali pasipo pake. Mwingine mmoja katika kila 5,000 huzaliwa na utumbo mpana ambao kipande chake cha mwisho hakina chembe za fahamu za kuusukuma uchafu. Wako wanaozaliwa utumbo umekatika katikati kama mpira wa maji uliokanyagwa na lori, wako ambao umekaa vibaya tumboni ukisubiri kujisokota, na wako wanaozaliwa nao uko nje kabisa, unaning’inia pembeni ya kitovu. Kila kasoro ikihesabiwa peke yake ni adimu, kiasi kwamba mkunga wa zahanati anaweza kustaafu bila kukutana na baadhi yake. Ila hospitali ya rufaa hupokea kutoka zahanati nyingi, na huko kwenye wodi ya upasuaji wa watoto kasoro hizi hazina ugeni wowote.

Turudi kwenye choo. Kile cha kwanza hakifanani na vinavyofuata. Ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami, na karibu hakina harufu. Ni mabaki ya maisha ya tumboni: maji ya uzazi aliyokuwa akiyameza, chembe za ngozi, vinyweleo vilivyompukutika mwilini, ute, na nyongo inayokipa rangi. Watoto zaidi ya 90 katika kila 100 waliotimiza miezi yao hukitoa ndani ya saa 24, na wengi wa waliobaki kabla ya saa 48. Hicho ni kipimo kisichohitaji umeme wala maabara. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama aliyejifungua salama akae kituoni na mtoto wake walau saa 24, na si bahati kwamba namba hizo zinakutana: siku ya kwanza ndiyo mwili wa kichanga hueleza mengi. Lakini wodi ikifurika, kina mama wawili kitanda kimoja, siku hiyo hupunguzwa ikawa saa sita au nane, na mtoto huenda nyumbani kabla hajajibu.

Bibi yangu mzaa mama aliwazalisha wanawake wa kijiji chetu kwa miaka mingi bila cheti chochote. Mengi aliyoyafanya leo yangemtia matatani, lakini jambo moja alilifanya bila kukosa. Akishamfuta mtoto, alimlaza kifudifudi juu ya mapaja yake, akayatenga matako kwa vidole viwili na kuomba koroboi isogezwe. Watoto tuliokuwa tukichungulia dirishani tulicheka. “Natazama mlango wa nyuma,” alikuwa akisema. “Nyumba yenye mlango mmoja si nyumba.” Sijui alifundishwa na nani. Najua tu kwamba wako watoto waliofikishwa hospitali kubwa wakiwa na siku nne au tano, tumbo limevimba na mishipa imechomoza, na hakuna aliyewahi kuwatazama hapo. Muda unaohitajika ni sekunde tano.

Nadhani adabu ya lugha yetu ina mchango wake katika hili. Kiswahili kina neno la kiungo hicho na kila mmoja analijua, lakini hatulitamki mbele za watu. Tunasema njia ya haja kubwa, tupu ya nyuma, huko chini. Mama mdogo wa miaka 18, aliyezaa kwa mara ya kwanza, akiona mkojo wa mwanawe wa kiume una weusi ndani yake, atamwambiaje muuguzi wa kiume? Atamwambia mama mkwe, kwa mafumbo. Mama mkwe ataelewa robo. Kumbe ule weusi ulikuwa ni kinyesi kilichopita njia ya mkojo, kwa sababu njia yake haikufunguka na utumbo ukajitafutia pa kutokea. Kwa watoto wa kike mambo hujificha zaidi. Kwao kinyesi mara nyingi hupata kitundu karibu kabisa na uke, kikatoka, nepi ikachafuka, na kila mtu akaridhika. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukaa miezi, hata miaka, mama peke yake akijua kwamba kinatokea mbele. Hapo swali la “amepata choo?” limejibiwa kwa ukweli mtupu na bado limetudanganya.

Vijana wa mjini wakisema fulani anaongea utumbo, wana maana anaropoka. Wanaudharau bure. Utumbo ni kiungo kilichofanya safari ndefu kabla hatujazaliwa. Katika wiki ya sita hivi ya kutungwa mimba, tumbo la kiumbe huwa dogo kuliko utumbo unaokua ndani yake, kwa hiyo utumbo hutoka nje, ukaingia kwenye shina la kitovu na kuendelea kukua huko. Kufikia wiki ya kumi hurejea ndani, na katika kutoka na kurejea huwa unajizungusha, jumla robo tatu ya duara, mpaka kila sehemu ikae mahali pake na kufungwa kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo. Wakati huohuo chembe za fahamu zimeanza safari yao kutokea upande wa shingo. Zinashuka kufuata utumbo toka juu mpaka chini kabisa, kazi inayochukua wiki saba hivi, kati ya wiki ya tano na ya kumi na mbili. Wakati huo mimba haijaonekana, na wengine hawajafika kliniki hata mara moja. Mambo mawili makubwa yanatimizwa gizani ndani ya majuma machache, na ajabu ni kwamba kwa wengi wetu yalikwenda sawa.

Mzunguko usipotimia, utumbo hukaa umeshikiliwa na shina jembamba badala ya kufungwa kwa upana. Mtoto huzaliwa mzima wa afya. Ananyonya, anapata choo. Halafu siku ya tatu, au ya kumi, utumbo unajizungusha kwenye shina lake kama kitambaa kinachokamuliwa, damu haipiti tena, na saa zinaanza kuhesabika. Dalili ni matapishi ya kijani. Narudia rangi, kwa maana watoto wote hucheua, na maziwa yaliyocheuliwa ni meupe au ya njano hafifu. Haya ni ya kijani kibichi, rangi ya mchicha uliosagwa. Ni nyongo iliyokosa njia ya kwenda chini ikarudi juu. Madaktari wa upasuaji wa watoto hufundishwa kwamba kichanga anayetapika kijani ana tatizo la upasuaji mpaka ithibitike vingine. Tiba yake ilielezwa na William Ladd wa Boston mwaka 1936: utumbo unasokotolewa kinyume, nyuzi zinazoubana zinakatwa, na lile shina linatandazwa upana. Hadi leo wanafanya hivyohivyo. Ikiwahiwa, mtoto huenda nyumbani baada ya siku chache. Ikichelewa hata kwa usiku mmoja, daktari anaweza kufungua tumbo na kukuta utumbo wote umekuwa mweusi, akalifunga tena.

Na ni nini hasa kinachokula usiku huo mmoja? Nyumbani kwetu matapishi na tumbo kujaa vina jina tayari: chango. Mtoto ana chango, atafutiwe dawa ya chango. Neno lenyewe ni zuri na la zamani, kwa maana chango ndio utumbo wenyewe, na waliolitunga waliona sawasawa ugonjwa uko wapi. Lakini limekuwa gunia linalopokea kila kitu. Msokoto wa gesi unaopita wenyewe ni chango, na utumbo unaooza ni chango. Jirani analeta mizizi iliyochemshwa, duka la dawa linatoa chupa ya maji ya gripe, shangazi anapendekeza kitovu kikandwe. Simlaumu yeyote kati yao. Wametumia walichonacho kwa mapenzi. Ila chochote kinachopita mdomoni mwa mtoto ambaye utumbo wake umeziba kinajaa juu ya kizuizi, kinatapikwa tena, na safari hii kinaweza kuingia mapafuni.

Katika kasoro hizi iko moja ambayo asili yake ilijulikana hapahapa Afrika, na aliyeshiriki kuigundua dunia inamkumbuka kwa jambo jingine kabisa. Ni ile ya utumbo mwembamba uliokatika, ncha moja imevimba na nyingine imesinyaa, katikati hakuna kitu. Tangu mwaka 1900 wengi walifuata maelezo ya Mwaustria Julius Tandler, kwamba utumbo wa kiumbe kwanza huziba kabisa kisha hutoboka, na kwa hawa haukutoboka. Mjini Cape Town, mpasuaji Jannie Louw hakuridhika. Kama utumbo haukuwahi kuwa wazi, vipi chini ya kizuizi hukutwa nyongo na vinyweleo vilivyomezwa? Kile choo cheusi kilikuwa shahidi: vitu hivyo vilipita hapo zamani, njia ilikuwa wazi, kisha ikafungwa. Louw alidhani damu ilikatika kwa ajali ndani ya tumbo la mama, na kipande kilichokosa damu kikanyauka na kufyonzwa.

Kuthibitisha kulihitaji mikono yenye subira. Kijana mmoja wa idara yake alichukua majike ya mbwa wenye mimba, akawafungua, akamfikia kijusi ndani ya mji wa mimba, akafunga mishipa michache ya damu ya utumbo usio mnene kuliko uzi wa kushonea viatu, kisha akarudisha kila kitu na kungoja siku za kuzaa. Majaribio mengi yaliharibika. Hatimaye wakazaliwa watoto wa mbwa wenye kasoro ileile ya watoto wa binadamu. Matokeo yalichapishwa London katika jarida la The Lancet mwaka 1955. Kijana huyo aliitwa Christiaan Barnard, ambaye miaka 12 baadaye, tarehe 3 Desemba 1967, alihamisha moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza katika hospitali ya Groote Schuur. Moyo ulimpa umaarufu. Lakini kama ni kuhesabu waliopona, mimi nitawahesabu watoto wa utumbo, kwani ugunduzi ule ulibadili namna ya kupasua: ikafahamika kwamba ile ncha iliyovimba imeharibika kwa kukosa damu, kwa hiyo ikatwe na kutupwa kabla ya kuunga, badala ya kuungwa vilevile ikagoma kufanya kazi. Watoto waliokuwa wakifa walianza kupona.

Kosa la kuangalia kipande kisicho ndicho lilifanyika pia huko Ulaya, na huko lilidumu muda mrefu zaidi. Mwaka 1886 daktari wa watoto wa Copenhagen, Harald Hirschsprung, aliwaeleza wenzake waliokutana Berlin habari za wavulana wawili waliokufa kabla ya kutimiza mwaka. Tangu kuzaliwa walipata choo kwa taabu, matumbo yao yakavimba kama ngoma. Alipoyafungua baada ya kifo, alikuta utumbo mpana ni mkubwa ajabu, kuta zake nene. Ni nani asingesema ugonjwa uko hapo? Ugonjwa ukapewa jina lake, na kwa zaidi ya nusu karne wapasuaji wakawa wanakata sehemu iliyovimba. Wagonjwa hawakupona. Kipande cha chini yake, chembamba, kilichoonekana hakina tatizo, hakuna aliyekigusa.

Kumbe kilichovimba ndicho kilichokuwa kizima. Kilivimba kwa kuhangaika, kikisukuma mzigo dhidi ya mlango usiofunguka. Kipande chembamba ndipo zile chembe za fahamu zilipoishia njiani bila kufika, na utumbo usio nazo hubaki umejikaza, haulegei kupisha. Aliyeliona jambo hili kwa vitendo ni Orvar Swenson wa Boston. Alimwekea mtoto njia ya haja tumboni, mtoto akanenepa na kuchangamka. Alipoifunga, matatizo yakarudi kama mwanzo. Basi shida iko chini ya pale. Mwaka 1948 akachapisha upasuaji wa kukiondoa kipande kile chembamba na kuushusha utumbo mzima mpaka chini. Mbinu zimeboreshwa sana tangu hapo, na siku hizi baadhi ya watoto hufanyiwa yote kupitia njia ya haja bila hata kovu tumboni, lakini wazo ni lile la Swenson.

Ugonjwa huu hushika wavulana mara nne zaidi ya wasichana, na wenye Down sindromu wamo kwa wingi kuliko kawaida. Ndiyo kasoro inayotegemea zaidi swali la siku ya kwanza, kwa sababu kwa macho mtoto hana kilichopungua: mlango upo, tumbo liko sawa, ananyonya. Amechelewa choo tu. Bibi anachovya kipande cha sabuni, au anatumia bua la mpapai, choo kinatoka kwa kishindo, nyumba inashukuru. Baada ya siku nne ni vilevile. Wako wanaofikishwa hospitali wakiwa na miaka mitatu, mikono myembamba na tumbo kubwa, wameshapewa dawa za minyoo mara zisizo na idadi. Na kuna mtego ndani yake: mtoto asiyepata choo siku moja anaanza kuharisha ghafla, harufu kali, homa imepanda. Familia inapumua, kumbe huo ndio wakati wa hatari zaidi, utumbo umeshambuliwa na vijidudu vya uchafu uliolala. Wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu hufa hivyo.

Kwa watoto waliozaliwa bila njia, historia ni ndefu. Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya saba, aliandika kuhusu kuitoboa ile ngozi kwa kidole au kwa kisu na kuizuia isifunge. Kwa wachache ambao kizuizi chao ni ngozi nyembamba, ilitosha. Kwa wengine, ambao utumbo umeishia juu, kisu kiliingia gizani, na misuli midogo inayomwezesha mtu kujizuia ikakatwa bila mpasuaji hata kuiona. Mtoto aliishi, lakini hakuweza kujizuia maisha yake yote. Wapasuaji waliiogopa misuli ile kiasi cha kuikwepa, na kwa kuikwepa hawakuwahi kuijua.

Alberto Peña, Mmexico, alifanya jambo lililoonekana la kijeuri. Mwaka 1980, mjini Mexico City, alimlaza mtoto kifudifudi, akapasua katikati kabisa kuanzia kwenye kifandugu kushuka chini, akaifungua misuli yote kama kurasa za kitabu. Kwa kifaa kidogo cha umeme aliigusa ili ijikunyate, akajua ni ipi na imepita wapi. Kisha akaushusha utumbo, akaupitisha katikati ya misuli hiyo na kuirudishia kila upande mahali pake. Mwaka 1982 yeye na Pieter deVries wakachapisha. Leo ukimtaja Peña kwa mpasuaji yeyote wa watoto, iwe Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza au Mulago ya Kampala, huhitaji kueleza unamsema nani.

Kwa mzazi, hata hivyo, neno linaloingia nyumbani si Peña bali kolostomi. Wengi wa watoto hawa hupitia upasuaji mara tatu: kwanza utumbo unatolewa tumboni ili kinyesi kipite hapo, baada ya miezi inatengenezwa njia mpya, na mwisho ile ya tumboni inafungwa. Kwenye karatasi ni hatua tatu. Nyumbani ni mwaka mzima au zaidi wa kufua. Mifuko ya kolostomi ni ghali, na inayouzwa mara nyingi ni ya saizi ya watu wazima, kwa hiyo mama anakata kanga kuukuu vipande, anafunga tumboni kwa mpira laini, anabadilisha, anafua, anaanika mbali na macho ya majirani. Ngozi ikibabuka anapaka mafuta ya zinki. Basi la mkoani likijaa, harufu ikitoka, abiria wanafungua madirisha na kumtazama. Kina baba wengine huondoka katika kipindi hiki. Wengine wanabaki, na mmoja aliniambia kwamba kilichomchosha ni swali la wageni, “kwani mlifanya nini?”, si kufua.

Hawakufanya kitu. Kwa walio wengi chanzo hakijulikani. Nyongeza ya foliki asidi, ambayo wajawazito wanahimizwa kumeza na wameze kweli, inapunguza kasoro za uti wa mgongo. Haijathibitika kuzuia hizi. Utumbo kutokea nje huwapata zaidi watoto wa kina mama walio chini ya miaka 20, lakini hata hapo ni suala la uwezekano tu. Hakuna chakula walichokula wala mnyama waliyemcheka.

Baada ya njia mpya kutengenezwa huja kazi ambayo haiandikwi kwenye mabango: kupanua. Kovu lina tabia ya kujibana, kwa hiyo mara mbili kwa siku, kwa miezi, mama anaingiza kijiti laini cha chuma kilichopakwa mafuta, wiki hadi wiki akipanda saizi. Mtoto analia. Mama naye. Akiacha kwa huruma, njia inajifunga na upasuaji unarudiwa.

Nimeiacha mwisho ile ya utumbo nje, kwa sababu haifichiki. Hapa hakuna wa kuuliza amepata choo au la. Mtoto anatoka, na upande wa kulia wa kitovu kuna tundu, na utumbo uko juu ya tumbo bila ngozi wala utando wa kuufunika. Chumba kizima kinaona. Na ndiyo inayoua kuliko zote kwetu. Utafiti uliochapishwa katika The Lancet mwaka 2021 ulifuatilia watoto 3,849 wenye kasoro za kuzaliwa za mfumo wa chakula katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi tajiri, waliokufa kwa utumbo nje walikuwa asilimia 1.4. Katika nchi za kipato cha kati, asilimia 32. Katika nchi maskini, asilimia 90, ingawa watoto waliohesabiwa huko walikuwa kumi tu. Mulago, mwaka 2014, hesabu ya mwaka mzima ilifika asilimia 98.

Ukitazama namba hizo utadhani upasuaji wenyewe ni mgumu. Si mgumu. Mara nyingi utumbo huwekwa ndani ya mfuko wa silikoni ulioning’inizwa juu ya kitanda, na uzito wake wenyewe huurudisha tumboni polepole kwa siku kadhaa. Kuna watoto ambao tundu hufunikwa kwa kipande cha kitovu bila hata mshono. Ugumu uko kabla na baada. Baada, kwa sababu utumbo uliokaa nje unagoma kufanya kazi kwa majuma, na mtoto analazimika kulishwa kwa mshipa, chakula kamili kikipita kwenye damu. Njia hiyo ipo tangu Stanley Dudrick na Douglas Wilmore walipomlisha kichanga mmoja Philadelphia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hospitali nyingi za kwetu hazina chakula hicho, au zinacho wiki hii na wiki ijayo hakipo.

Kabla, kwa sababu ya barabara. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Mtoto wa kilo mbili na nusu, utumbo uko wazi, unapoteza maji na joto kama sufuria isiyo na mfuniko. Akifika amepoa, damu imekuwa nzito, vijidudu vimeingia. Wanachoomba wapasuaji kwa zahanati ni kidogo hadi kinashangaza: mtoto asinyonyeshwe, mpira upitishwe puani kutoa hewa na nyongo, dripu iwekwe, alazwe kwa ubavu wa kulia, apakatwe kwa joto, na kuanzia kifuani kushuka chini aingizwe ndani ya mfuko wa plastiki safi unaoonesha ndani. Mfuko. Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na mimi nilishangilia kama wengine, maana mitaro yetu ilikuwa imeziba. Vifaa vya hospitali havikuguswa na marufuku hiyo. Hata hivyo siachi kufikiria kwamba kitu tulichokuwa tukikitupa mitaroni kwa maelfu ndicho ambacho kikikosekana kwenye kabati la zahanati, mtoto anafungwa kwa shashi kavu inayogandamana na utumbo, na kufikia Morogoro ameshakuwa wa baridi.

Wanaofika kwa wakati hukaa kwenye wodi ambayo ina utani wake. Baada ya kuunga utumbo, mpasuaji hawezi kuona ndani kama mshono umeshika. Anasubiri utumbo wenyewe useme. Kwa hiyo kila asubuhi msafara wa madaktari unapita kitanda kwa kitanda, mabingwa wenye shahada mbili tatu, na swali lao kubwa ni “Amejamba?” Mama wa mara ya kwanza huinamisha uso. Mama wa wiki ya tatu hujibu kabla hajaulizwa, kwa sauti, ukubwa na saa, na wodi nzima inacheka. Mpira wa puani unatolewa. Anaruhusiwa kijiko kimoja cha maziwa ya mama, kisha viwili. Kanga zinafunguliwa na kufungwa, zinafunguliwa tena. Na usiku wa manane, taa zimepunguzwa, mama mmoja anamwamsha wa kitanda cha jirani athibitishe, kabla hawajamwita sista: nepi imetandazwa chini ya mwanga wa simu, na wote wawili wameinama juu yake, wananusa.